Namba za Kurasa na Haki ya Mwananchi

Haya ni maelezo ya Ofisa Kumbukumbu wa Halmashauri aliyoyatoa mbele ya wakazi, watendaji na wenyeviti wa vitongoji, katika kikao cha elimu kwa umma kilichofanyika kwenye ofisi ya kata. Yanachapishwa hapa kwa ombi la waliohudhuria.

Ndugu Mwenyekiti wa kikao, Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Kata na watendaji wa vijiji, wazee wetu, mama zetu, ndugu wananchi,

Nilipoalikwa kuzungumza nanyi niliulizwa nitazungumza juu ya jambo gani. Nikajibu kwamba nitazungumza juu ya namba za kurasa katika nyaraka zinazoandikwa kwa kompyuta. Aliyenialika alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa adabu kama sina jambo kubwa zaidi ya hilo. Nilimwomba anipe nafasi, nanyi nawaomba mnivumilie vivyo hivyo, kwa kuwa jambo hili ambalo kila mtu huliona dogo limewahi kumchelewesha mtu shamba lake, nami nilikuwapo, na sehemu ya kosa ilikuwa yangu.

Miaka hiyo nilikuwa karani kijana wa masijala, katika ofisi ambayo sitaitaja, mbali na hapa. Kijiji kimoja kilikuwa kimeamua kujenga shule. Wananchi kadhaa walikubali kutoa mashamba yao, na mkutano mkuu wa kijiji ukaazimia kwamba kila aliyetoa apewe eneo jingine la kulima katika ardhi ya akiba ya kijiji. Muhtasari uliandikwa kwa kompyuta, ukachapwa, ukapigwa muhuri, ukaletwa kwetu ndani ya bahasha pamoja na orodha ya majina ya waliotoa mashamba. Bahasha ile niliipokea mimi. Katika daftari la kupokelea barua niliandika: muhtasari mmoja na viambatisho. Sikuhesabu karatasi. Na hata kama ningehesabu, nisingejua zilipaswa kuwa ngapi, maana hapakuwa na namba juu ya karatasi yoyote.

Orodha ya majina ilianza na 1 ikaishia 26, chini kabisa ya karatasi. Aliyeitazama aliona orodha iliyokamilika. Maofisa walipokwenda kuonyesha maeneo walikwenda na orodha hiyo, na watu 26 wakaonyeshwa maeneo yao. Baada ya wiki chache akaja bibi mmoja aliyekuwa ametembea tangu alfajiri, akauliza jina lake limekwenda wapi. Tulifungua jalada mbele yake. Jina halikuwamo. Tukamwambia, kwa upole wote, kwamba huenda hakuandikishwa. Akasema aliandikishwa, na jirani yake aliyemfuata aliandikishwa, na kwamba aliweka dole gumba mbele ya mkutano mzima.

Bibi alikuwa akisema kweli. Karatasi ya pili ya orodha ilikuwapo siku ilipochapwa. Mahali ilipopotelea, kama ni ndani ya bahasha, mezani kwangu au kwenye mashine ya kutolea nakala, hatukupata kujua. Kompyuta ya kijiji iliyohifadhi nakala tepe ilikuwa imekwisha kuharibika. Ikabidi mkutano mkuu uitishwe upya, mashahidi wasimame, azimio lirudiwe. Misimu miwili ya kilimo ilipita. Alipopewa eneo lake hatimaye, wenzake walikwisha kuchukua penye udongo mzuri, naye akabakiwa na kipande kinachopakana na korongo.

Laiti chini ya karatasi ile ya kwanza pangeandikwa "ukurasa 1 kati ya 2", hata mimi, karani mgeni wa kazi, ningeuliza siku ileile: na wa pili uko wapi?

Ndugu wananchi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Idhini hiyo mnaitoa ninyi kwa kunyoosha mikono. Mikono ikishateremka, kinachobaki kuishuhudia ni muhtasari. Muhtasari ukipungukiwa karatasi, idhini nayo imepungukiwa, na mzigo wa kuthibitisha humwangukia yule aliyeondolewa, ambaye aghalabu ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote.

Watu waliandika kwa karne nyingi bila namba za kurasa, na si kwamba hawakuwa na akili. Biblia aliyoichapa Gutenberg mjini Mainz, Ujerumani, katikati ya miaka ya 1450, haikuchapwa namba za kurasa. Mwaka 1470, mjini Köln, mchapaji aitwaye Arnold Ther Hoernen alitoa kijitabu chenye namba zilizochapwa katika kila karatasi, nacho hutajwa kuwa miongoni mwa vya kwanza kabisa. Waandishi wa miswada ya Kiarabu walikuwa na njia yao nyingine: neno la kwanza la ukurasa unaofuata waliliandika chini ya ukurasa unaotangulia, ili mfunga kitabu na msomaji wajue kipi kinafuata kipi. Wazee waliosoma vitabu vya zamani chuoni huenda wamewahi kuliona neno hilo, limejitenga peke yake pembeni. Ni njia nzuri sana. Ina upungufu mmoja tu, kwamba inakwambia kinachofuata lakini haikwambii zimebaki karatasi ngapi.

Nasi wa masijala tuna folio, ile namba inayoandikwa kwenye pembe ya juu kulia kila barua inapoingia katika jalada. Kwa desturi tuliyonayo, folio huhesabu barua zilizomo katika jalada. Haisemi barua yenyewe ilikuja na kurasa ngapi. Hilo ni juu ya mwandishi wa barua, na siku hizi mwandishi wa barua anatumia kompyuta, au amemlipa kijana wa steshenari amchapie.

Basi tuingie katika kompyuta. Nimepokea nyaraka nyingi katika kazi hii, na makosa ninayokutana nayo ni yaleyale. Mchapaji wa kwanza anashuka hadi mwisho wa ukurasa, anabonyeza 1 kwenye kibodi, anashuka ukurasa wa pili anabonyeza 2, anaendelea hadi mwisho. Kesho yake mwenyekiti anasema: ongeza mstari mmoja katika ajenda ya tatu. Mstari huo unasukuma maandishi yote, na ile 2 inajikuta katikati ya ukurasa wa tatu, imesimama kama kuku aliyepotea njia. Mchapaji wa pili anajua kidogo zaidi. Amesikia kwamba kila ukurasa una ukingo wa chini ambao programu huurudia yenyewe kwenye kurasa zote. Anaufungua, anaandika 1 kwa mkono, anaufunga. Programu inatii: inairudia ile 1 kila mahali. Nimewahi kupokea taarifa ya mapato na matumizi yenye kurasa 9, zote zikiwa za kwanza.

Namba ya ukurasa katika kompyuta haiandikwi kama tarakimu za kawaida. Inawekwa kama agizo. Unaiagiza programu: mahali hapa weka namba ya ukurasa huu, vyovyote itakavyokuwa. Ukiongeza mstari, ukipunguza aya, ukiingiza jedwali, programu inahesabu upya bila kuchoka. Katika Microsoft Word agizo hilo hupatikana kwa kufungua neno Insert katika orodha ya juu, kisha kuchagua Page Number na mahali pa kuiweka. Miongoni mwa miundo inayoonyeshwa hapo kuna inayotaja namba ya ukurasa pamoja na jumla ya kurasa. Chagueni hiyo. Maneno yake huja kwa Kiingereza, lakini mnaweza kuyafuta na kuandika "Ukurasa" na "kati ya", mradi msiziguse tarakimu zenyewe. Mtazitambua kwa kuwa mkizibofya kwa kipanya hutokea kivuli cha kijivu, ishara kwamba chini yake kuna agizo. Katika Google Docs na LibreOffice njia inaanzia kwenye neno hilohilo Insert, na jumla ya kurasa nayo huwekwa kwa agizo lake. Kijana yeyote wa steshenari mwenye nia atalifanya jambo hili kwa muda mfupi kuliko anaoutumia kuwasha printa.

Nimeitaja steshenari kwa sababu najua wengi wetu hatuna kompyuta nyumbani. Mtu anakwenda na barua yake ya malalamiko au rufaa, imeandikwa kwa mkono, anamkabidhi mchapaji, anakaa kwenye benchi. Mchapaji, ili kuokoa muda, anafungua waraka wa mteja aliyetangulia, anafuta maneno, anaandika yako juu yake. Mpangilio wa namba wa yule mteja unabaki. Ndiyo sababu wakati mwingine tunapokea barua ya kurasa 3 inayoanza na ukurasa wa 14. Masijala tunajiuliza: kurasa 13 za mwanzo zimekwenda wapi? Mwenye barua anaitwa, anapanda gari, analipa nauli, anafika kutuambia kwamba hazikuwahi kuwapo. Kwa hiyo, kabla hujatoa fedha yako, tazama mwanzo na mwisho. Ukurasa wa kwanza uanze na 1, na wa mwisho uwe na namba iliyo sawa na jumla. Kazi hiyo haihitaji kujua kompyuta.

Kuna usumbufu mwingine unaowapata hasa watendaji wetu, nao ni wa majedwali. Jedwali la bajeti huwa pana, hivyo ukurasa wake hulazwa. Ili kuulaza ukurasa mmoja bila kuzilaza nyingine, programu huugawa waraka katika sehemu, na kila sehemu inaweza kupewa hesabu yake. Matokeo yake ni taarifa yenye kurasa mbili za 1 na mbili za 2, ilhali jumla inasema 12. Msomaji akiona hivyo ana haki ya kudhani kwamba ameletewa taarifa mbili zilizochanganywa. Tiba yake ni kuingia katika mpangilio wa namba za sehemu hiyo na kuiamuru iendelee kutoka sehemu iliyotangulia. Mkikwama, njooni. Nimekwama hapo mara nyingi mimi mwenyewe.

Juu ya ukurasa wa jalada, ule wenye nembo na kichwa cha habari, watu hubishana kama uhesabiwe. Vitabu vina desturi zake, na kurasa za utangulizi hupewa namba za Kirumi. Kwa nyaraka za kata na vijiji maoni yangu ni kwamba kila karatasi ihesabiwe, ukiwamo ukurasa wa jalada, hata kama namba haionyeshwi juu yake. Sababu ni ya kawaida kabisa. Ukifungua waraka kwenye simu, simu nayo inahesabu kurasa, na inahesabu zote bila ubaguzi. Diwani akisema "tazameni ukurasa wa 7", mmoja anatazama karatasi, mwingine anatazama simu, na wakiwa na hesabu mbili tofauti kikao kinapoteza dakika 10 kutafuta mahali. Kwa mihtasari ya vijiji ningeshauri ukurasa wa jalada usiwepo kabisa. Unakula karatasi.

Sasa nisikilizeni kwa makini kidogo, maana hapa ndipo hata wajuzi huteleza. Waraka unaotumwa ukiwa bado katika hali ya kuhaririwa hauna kurasa za kudumu. Kila kompyuta inaupanga upya kwa herufi ilizonazo na karatasi iliyoandaliwa. Sisi tunatumia karatasi ya A4, yenye upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Programu nyingine huja zimepangwa kwa karatasi ya Marekani iitwayo Letter, yenye milimita 216 kwa 279. Karatasi hiyo ni fupi kwa milimita 18, kwa hiyo mistari kadhaa ya mwisho husukumwa kwenda ukurasa unaofuata, na kilichokuwa ukurasa wa 4 kwa mtumaji kinaweza kuwa wa 5 kwa mpokeaji. Watu wawili wanaweza kubishana kwa simu kutwa nzima, kila mmoja akiwa mkweli. Waraka ukishakubaliwa uhifadhiwe kama PDF kabla ya kutumwa. Hapo kurasa zinatulia, na ukurasa wa 4 ni wa 4 kwa kila mtu.

Kwa wale wanaopiga picha karatasi na kuzituma kwa WhatsApp, ambao ndio wengi, agizo la kompyuta haliwasaidii. Picha huingia moja kabla ya nyingine, moja inakwama kwa sababu bando limekwisha, na mpokeaji hajui. Chukueni kalamu kabla ya kupiga picha, mwandike juu ya kila karatasi "1/5", "2/5" na kuendelea, mahali ambapo vidole havitafunika. Kisha semeni katika ujumbe wenyewe kwamba mnatuma picha 5.

Mtendaji mmoja alinipinga nilipozungumza haya katika kijiji kingine. Alisema watu wake wengi hawajui kusoma vizuri, kwa hiyo namba za kurasa ni mapambo ya ofisini. Nilimkumbuka yule bibi. Barua hakuweza kuisoma, lakini fedha alizihesabu, na mbuzi wake alijua kama wamerudi wote. Ukimwonyesha 1 kati ya 2 na karatasi moja mkononi, hahitaji mtafsiri. Kwa hakika, katika waraka mzima huenda hilo ndilo jambo pekee ambalo asiyesoma anaweza kulikagua mwenyewe.

Hata hivyo sitaki kuwadanganya. Namba haizuii hila. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kuuchapa upya ukurasa wa 3, akabadilisha jina au kiasi cha fedha, akauweka 3 palepale. Na kurasa za mikutano miwili tofauti, zote zikiwa na "3 kati ya 7", zinaweza kubadilishana nafasi kwa bahati mbaya tu. Kwa sababu hiyo tunaomba ukingo wa chini wa kila muhtasari utaje pia jina la kijiji na tarehe ya mkutano, na mwenyekiti na mtendaji watie saini fupi kwenye kila ukurasa, si ule wa mwisho peke yake. Saini moja iliyo mwishoni inauthibitisha ukurasa wa mwisho. Kurasa nyingine zinabaki kutegemea uaminifu wa kila mkono ulioupitisha waraka huo.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwananchi haki ya kuomba taarifa katika ofisi za umma. Mkija kuomba nakala ya taarifa ya mradi, hesabuni kurasa mbele ya anayewapa. Msione haya. Karani mzuri hataudhika, na karani niliyekuwa mimi miaka ile angesaidiwa sana.

Ndani ya masijala yetu tumeanza kuandika idadi ya kurasa katika daftari la kupokelea barua, na katika ile nakala yako inayopigwa muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na namba hatuirudishi, kwa maana si haki kumrudisha mtu aliyetoka mbali kwa sababu ya namba. Karani ataziandika kwa kalamu mbele yako, nawe utahakikisha kwamba zimekamilika kabla hujaondoka. Akisahau, mkumbushe.

Mwisho, mama mmoja amenipa kikaratasi chenye swali. Anasema marehemu mume wake aliacha hati za shamba na barua za zamani, zimefungwa pamoja kwa uzi, hazina namba, na watoto wanataka kuzipiga picha wazihifadhi kwenye simu. Je, aziandikie namba?

Mama, usizifungue uzi kwa haraka. Kwanza piga picha jinsi zilivyopangana, maana mpangilio wenyewe ni ushahidi. Kisha andika namba kwa kalamu ya risasi, kwa wepesi, kwenye pembe ya juu ambako hakuna maandishi, wala si juu ya muhuri au saini. Usitumie kalamu ya wino, kwa sababu wino juu ya hati ya asili haufutiki, na siku moja mtu anaweza kudai kwamba hati imechezewa. Hesabu na upande wa nyuma kama una maandishi. Andika jumla kwenye karatasi nyingine uiweke pamoja nazo, na watoto wazipe picha majina yenye namba hizohizo, wakianza na 01, 02, ili simu isije ikaiweka ya 10 kabla ya 2. Ukipenda tuzifanye pamoja, niko masijala kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri siku za kazi, na kalamu ya risasi ipo mezani.